Maswali ya Wasomaji: Katumbi na Kunguru wa Lubumbashi

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi habari za matajiri wanaobeba klabu za soka mabegani mwao, na humo tukamtaja kwa sentensi mbili tu Moïse Katumbi Chapwe, tajiri na mwanasiasa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, rais wa klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki. Wapo wanaomsifu kuwa ndiye aliyeirudishia Afrika ya kati heshima yake ya soka, wapo wanaomwita mwanasiasa aliyejificha nyuma ya jezi, na yupo mmoja aliyetaka kujua kama ni kweli ana ndege. Safu ya leo nimeiacha yote kwa mtu huyo.

*Ndugu Mwandishi, huku kwetu tumezoea ubishi wa nani hasa mwenye timu, mwanachama au mwekezaji. Katumbi ni mmiliki wa Mazembe, au ni rais tu? Na fedha zake alizipata wapi?*
Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam

Cheo chake ni rais wa klabu, na amekishika tangu 1997. Watu humwita mmiliki kwa sababu ndiye anayegharamia, na anayegharamia, kwa desturi ya soka letu, ndiye mwenye kauli. Hata hivyo timu haikuzaliwa mikononi mwake. Ilianzishwa 1939 na wamisionari Wabenediktini mjini Lubumbashi, ambako wakati huo Wabelgiji walikuita Élisabethville, ikapitia majina kadhaa, likiwemo Englebert lililotokana na matairi ya kampuni iliyoidhamini, kisha ikajiongezea maneno "Tout Puissant", yaani mwenye nguvu zote, baada ya mafanikio yake ya 1966. Ilitwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, ikafika fainali tena 1969 na 1970 na kuzipoteza zote mbili. Baada ya Kombe la Washindi la 1980 ilikaa karibu miaka 30 bila taji lolote la bara. Nembo yake ina mamba aliyeng'ata mpira, ilhali mashabiki wake hujiita Kunguru. Sijapata kuelewa kwa nini mnyama mmoja hakutosha.

Katumbi alizaliwa Desemba 1964 huko Kashobwe, karibu na Ziwa Mweru, mahali ambapo Kongo na Zambia hutazamana ng'ambo ya maji. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes. Mama yake ni Mkongo. Jambo hilo la wazazi lishike vizuri, kwa sababu litarudi mbele. Biashara yake ya kwanza ilikuwa samaki: kuwatoa ziwani na kuwapeleka kwa Gécamines, shirika la madini la serikali, lililokuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Baada ya samaki ulikuja usafirishaji, na baada ya usafirishaji ikaja MCK, kampuni ya kandarasi za migodini, iliyochimba na kubeba udongo kwa niaba ya makampuni yenye leseni. Aliiuza 2015 kwa kampuni ya Kifaransa ya Necotrans, mauzo ambayo nayo hayakuisha bila mgogoro.

Kwa hiyo fedha za Mazembe zilikuwa za samaki, zikawa za shaba na kobalti, ndipo zikawa za soka. Utata wa kwanza unaanzia hapo. Kuanzia 2007 hadi 2015 Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, mkoa wenye migodi, wakati kampuni aliyoianzisha ikiendelea kupata kazi kwenye migodi hiyohiyo. Wapinzani wake husema mtu hawezi kuwa mwamuzi na mchezaji katika mechi moja. Watetezi wake hujibu kwamba alikuwa tajiri kabla ya kuwa gavana. Mimi naona jibu hilo linaeleza fedha zilitoka wapi, lakini halielezi nani alikuwa akisimamia nini.

Ukitaka kulinganisha na nyumbani, Simba angalau ina tarakimu ya kubishania: wanachama asilimia 51, mwekezaji asilimia 49. Uliza majukwaani Lubumbashi kuhusu asilimia, utajibiwa kwa jina la mtu. Na kuhusu ndege, ndiyo: kwa miaka mingi Mazembe wamejulikana kusafiri kwa ndege ya rais wao, wakati timu nyingine za Afrika zinalala viwanja vya ndege zikisubiri kuunganisha safari.

*Mimi ni shabiki wa Simba tangu utotoni. Wenzangu wa Yanga hunikejeli kwamba 2011 tulifungwa na Mazembe uwanjani tukawashinda mezani. Naomba tueleze ilivyokuwa. Na je, si aibu kwamba baada ya kuwashitaki tuliwauzia Mbwana Samatta?*
Msomaji wa Morogoro

Hakuna sura katika habari za Katumbi inayotuhusu zaidi ya hii, na kila mwaka inasimuliwa ikiwa imekatwa kichwa au mkia.

Mwanzoni mwa 2011 Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na miezi michache tu nyuma walikuwa wamecheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Simba wakapangwa nao katika raundi za mwanzo za Ligi ya Mabingwa na wakatolewa. Mazembe wakaenda kuwatoa Wydad Casablanca na kujihakikishia nafasi katika hatua ya makundi. Hapo Simba walikuwa tayari wamewasilisha pingamizi kuhusu beki mmoja, Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa amerejea Lubumbashi kutoka Espérance ya Tunis, wakidai kwamba usajili wake haukukamilika kwa utaratibu na hivyo hakustahili kuchezeshwa. Mei 2011 Shirikisho la Soka Afrika likakubaliana na hoja hiyo, likawaondosha mabingwa watetezi mashindanoni.

Nafasi iliyoachwa wazi haikupewa Simba bure. Simba na Wydad waliitwa kucheza mchezo mmoja Cairo, uwanja usio wa yeyote kati yao, na Wydad wakashinda 3-0, wakaingia makundi na hatimaye wakafika fainali. Waambie hivyo wenzako wa Yanga: meza iliwapa Simba mechi moja, na uwanja ukaichukua.

Wanaokejeli ushindi wa mezani husahau jambo moja. Klabu yenye fedha inaweza kununua mchezaji bora, kocha bora, hata ndege. Kitu pekee ambacho klabu maskini inaweza kukishika mkononi mbele yake ni karatasi ya kanuni. Katumbi alijenga jina kwa kusema kwamba Mazembe inaendeshwa kama klabu za Ulaya, na klabu za Ulaya zina mtu mmoja ofisini ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha hati za mchezaji zimekamilika kabla hajagusa mpira. Mazembe waliteleza hapohapo. Sioni Simba walipokosea.

Ama kuhusu Samatta, mimi naona ni tukio zuri kuliko yote yaliyotokana na mkasa ule. Kijana wa Mbagala alionekana katika mechi hizohizo, Mazembe wakamtaka, na mwaka uleule akaenda. Klabu iliyoshitakiwa ilikuja kununua kwa mshitaki wake, na mshitaki akauza. Soko halina kinyongo. Thomas Ulimwengu naye akawa huko, na kuanzia hapo watu ambao hawakuwahi kuijali ligi ya Kongo wakawa wanajaza mabanda umiza ya Dar es Salaam kuangalia timu ya Lubumbashi, wakikitaja kikosi chake jina kwa jina kama wanavyokitaja cha Simba.

Samatta alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa ya 2015. Katika fainali dhidi ya USM Alger alifunga Algiers, Mazembe wakashinda 2-1, kisha tarehe 8 Novemba mjini Lubumbashi akafunga tena kwa penalti katika ushindi wa 2-0. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji. Baadaye alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mtu anaweza kumlaumu Katumbi kwa mengi, lakini kijana huyo alipita mlango wa Lubumbashi ndipo akafika huko.

*Mwanangu wa kidato cha pili hataki kuamini kwamba timu ya Kongo iliwahi kucheza fainali ya dunia. Anasema ninachanganya na ndoto. Naomba unisaidie kulinda heshima yangu.*
Msomaji wa Likoni, Mombasa

Heshima yako iko salama. Desemba 2010, Abu Dhabi: Mazembe waliwafunga Pachuca ya Mexico 1-0, wakawafunga Internacional ya Brazil 2-0 katika nusu fainali, wakakutana na Inter Milan ya Samuel Eto'o katika fainali na kufungwa 3-0. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Mtafutie mwanao picha za kipa Robert Kidiaba baada ya mabao dhidi ya Wabrazili: mwanamume mzima ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, anaruka kwa makalio kuvuka eneo lake kama mtoto anayejifunza kusogea sakafuni. Akishaona hivyo hatabisha tena.

Mwambie pia kwamba walifanya hayo bila nyota wao mkubwa, Trésor Mputu. Mei mwaka huo, katika Kombe la Kagame mjini Kigali, Mputu alimvamia mwamuzi na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Na kwa kuwa safu hii inahusu utata, si haki kuficha kwamba Watunisia wana kumbukumbu nyingine ya mwaka uleule: fainali ya Afrika ambayo Espérance ilipigwa 5-0 Lubumbashi, mchezo ambao walimlalamikia mwamuzi kwa uchungu na wengine wanamlalamikia hadi leo. Marudiano yaliisha 1-1. Mimi nilipoangalia mkondo ule wa kwanza niliona timu mbili ambazo hazikuwa sawa siku ile, lakini niliona pia maamuzi ambayo ningekuwa Mtunisia nisingeyasahau.

*Shikamoo Mwandishi. Sisi wa huku ziwani tunasikia mambo mengi kutoka ng'ambo. Wengine wanasema Katumbi alihukumiwa kifungo, wengine kwamba alifukuzwa nchini, wengine kwamba si Mkongo. Ukweli ni upi?*
Msomaji wa Kigoma

Marahaba. Nitakwenda kwa mfuatano wa matukio, kwa sababu ukianza na hukumu hutaelewa kilichoileta.

Katumbi alikuwa mtu wa Rais Joseph Kabila. Aliingia ugavana 2007 akiwa upande wa serikali, na kama gavana alijipatia sifa kwa kukataza madini ghafi yasitoke mkoani bila kusafishwa, na kwa kutengeneza barabara. Alikuwa na kitu ambacho magavana wengine wote hawakuwa nacho: kila baada ya wiki moja au mbili, uwanja mzima wa watu ukiimba kwa furaha ambayo yeye ndiye aliyeilipia.

Desemba 2014 alirejea Lubumbashi kutoka nje ya nchi, na akiwahutubia watu waliokuja kumlaki akawapa fumbo la mpira. Aliwauliza: timu ikipewa penalti ya kwanza isiyo halali ikafunga, ikapewa ya pili isiyo halali ikafunga, je, mtakubali ipewe na ya tatu? Umati ukapiga kelele kwamba hautakubali. Hakutaja jina la mtu. Lakini Kabila alikuwa ameshashinda chaguzi mbili zilizolalamikiwa, ya 2006 na ya 2011, na nchi nzima ilikuwa ikibishana iwapo angejaribu kubaki kwa muhula wa tatu. Katika siasa zote za Afrika nilizozifuatilia sikumbuki hotuba nyingine ambayo gavana alivunja na rais wake kwa kutumia kanuni za penalti, na kila mtu, hadi mtoto wa shule, akaelewa papo hapo.

Septemba 2015 alijiuzulu ugavana na kuachana na chama tawala. Sasa linganisha tarehe. Wiki chache tu baadaye, ile fainali ya Samatta niliyoitaja juu ikachezwa Lubumbashi. Mtu aliyetoka kuvunja na serikali alinyanyua kombe la Afrika mbele ya watu wake, na hakuna mkutano wa kisiasa ambao polisi wangeweza kuuruhusu au kuukataza uliomfaa kuliko ule. Wanaosema kwamba klabu ni jukwaa lake la siasa hawahitaji ushahidi zaidi ya kalenda. Wanaosema kwamba angelinyanyua kombe lile hata kama angekuwa bado gavana nao hawakosei.

Mei 2016 alitangaza kugombea urais, na siku zilezile serikali ikafungua uchunguzi dhidi yake kwa madai ya kuajiri mamluki wa kigeni, madai aliyoyakana. Alipoitwa kuhojiwa Lubumbashi alisindikizwa na umati, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na baada ya siku chache akaondoka kwenda kutibiwa Afrika Kusini. Tarehe 22 Juni 2016, akiwa nje, mahakama ya Lubumbashi ilimhukumu kifungo cha miaka 3 katika kesi nyingine kabisa, ya nyumba aliyodaiwa kumdhulumu mtu. Mmoja wa majaji baadaye aliandika kwamba alishinikizwa kutia saini hukumu ile. Aprili 2019 mahakama ya juu iliifuta. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba alihukumiwa, hakukitumikia kifungo, na hukumu yenyewe haipo tena.

Hakufukuzwa kwa amri, lakini mlango ulifungwa kweli. Agosti 2018, siku chache kabla ya dirisha la kuwapokea wagombea kufungwa, alifika mpaka wa Kasumbalesa akitokea upande wa Zambia. Wanaoujua mpaka ule wanajua foleni ya malori ya shaba inavyojipanga, kilomita kwa kilomita, madereva wakipika ugali kando ya matairi. Siku ile kilichozuiwa hakikuwa shehena. Yeye aliyeanza maisha kwa kuvusha bidhaa katika mpaka wa nchi hizo mbili alikataliwa kuvuka yeye mwenyewe, na uchaguzi ukampita. Alirudi Lubumbashi Mei 2019, baada ya Félix Tshisekedi kuingia madarakani, akapokewa na bahari ya watu. Desemba 2023 aligombea dhidi ya Tshisekedi huyohuyo na akawa wa pili kwa asilimia 18 hivi.

Kuhusu uraia, ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la baba yake mgeni: 2021 uliandaliwa muswada wa kutaka urais wa Kongo uwe wa mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni Wakongo, na kila mtu alijua unamlenga nani. La pili ni taarifa za 2018 kwamba kwa miaka kadhaa aliandikishwa kuwa raia wa Italia, wakati sheria ya Kongo hairuhusu uraia wa nchi mbili. La kwanza naliona ni siasa chafu ya damu. La pili ni swali la kisheria ambalo mgombea yeyote alistahili kuulizwa, na lisingepaswa kufunikwa na ubaya wa lile la kwanza. Hata hivyo jina lake lilikubaliwa kwenye karatasi za kura 2023.

*Ninyi watu wa pwani mnamwandika Katumbi kama vile kazi yake yote ni siasa na kesi. Sisi tunaoishi hapa tunaona uwanja, tunaona watoto wetu wanafundishwa. Mbona hamuandiki hayo?*
Msomaji wa Lubumbashi (barua yake aliiandika kwa Kiswahili chao, nimeisawazisha kidogo, naye anisamehe)

Lawama naipokea. Basi na tuandike.

Kabla ya 2011 Mazembe walichezea uwanja wa manispaa katika eneo la Kenya, ambalo wasomaji wetu wa Nairobi wafahamu kwamba ni kata ya Lubumbashi na si nchi yao. Mwaka huo klabu ilihamia uwanja wake yenyewe Kamalondo, wenye nyasi bandia na nafasi za watu wapatao 18,000. Sitaupamba kupita kiasi, kwa sababu ni mdogo kwa klabu ya hadhi ile, lakini hebu tuhesabu klabu kubwa za ukanda wetu ambazo zina uwanja wao wa kuchezea mechi za Afrika. Simba na Yanga zina umri wa kuzaa wajukuu, na bado zinacheza kwenye uwanja wa serikali.

Mwaka 2012 ilianza shule ya soka yenye jina lake, ambako vijana hulala, husoma na hucheza. Timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika Novemba 2024, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko nafasi ndogo ambayo magazeti yaliipa, likiwemo letu. Mishahara nayo ilibadili ramani. Kwa muda mrefu mchezaji mzuri wa Kiafrika alikuwa na barabara moja tu, ya kwenda Ulaya hata kama ni daraja la tatu. Mazembe iliweza kumlipa Rainford Kalaba wa Zambia akakaa miaka mingi. Stoppila Sunzu alikuwa mchezaji wa Mazembe siku alipopiga penalti iliyowapa Wazambia Kombe la Mataifa ya Afrika 2012. Msomaji atauliza iwapo hilo halikuwanyima wachezaji hao Ulaya. Huenda. Nadhani wao wenyewe, wakipokea mshahara wao kwa wakati, hawakuliona hivyo.

Lakini, ndugu yangu wa Lubumbashi, nawe unajua kwamba siasa hatukuileta sisi watu wa pwani. Kwa miaka kadhaa sasa watani wenu wa mji, Saint-Éloi Lupopo, wameongozwa na Jacques Kyabula, gavana wa Haut-Katanga, mkoa uliomegwa kutoka Katanga ya zamani, aliye upande wa serikali. Mechi ya watani ikichezwa, upande mmoja kuna klabu ya mpinzani na upande wa pili klabu ya gavana. Tunaangalia mpira uleule mnaouangalia.

*Nafuatilia soka la nyumbani nikiwa huku. Mazembe ya sasa si ile. Je, imeanguka kwa sababu ya siasa za mwenyewe? Na siku akiondoka?*
Msomaji wa Muscat, Oman

Nilitegemea kukujibu ndiyo, lakini nilipozipanga tarehe zikanikatalia. Klabu inayobebwa na mtu mmoja hutarajiwa kuanguka siku mtu huyo anapoanguka. Sisi tuliliona hilo Yanga: Yusuf Manji alipojiuzulu 2017, haukupita muda timu ikawa inatembeza bakuli kwa mashabiki ili wachezaji walipwe. Mazembe mambo yalikwenda kinyume. Rais wao aliondoka nchini Mei 2016, akaendelea kuwa rais wa klabu akiwa uhamishoni, na timu ikatwaa Kombe la Shirikisho mwaka huo na mwaka uliofuata, la pili chini ya kocha Pamphile Mihayo, aliyekuwa mchezaji wao. Kushuka kulikuja baadaye, alipokuwa amesharudi nyumbani. Tangu 2017 timu ya wanaume haijapata taji la Afrika. Ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024 na kutolewa na Al Ahly. Msimu uliofuata ilishika mkia katika kundi lake, ikifungwa 3-1 na Yanga Dar es Salaam Januari 2025.

Mimi nadhani sababu iko nje ya Lubumbashi zaidi kuliko ndani. Mwaka 2010 klabu yenye bajeti kama ya Mazembe ilikuwa peke yake kusini mwa Sahara. Sasa wako Mamelodi Sundowns wa Afrika Kusini, na hata Simba na Yanga wanawachukua wachezaji wa Kongo ambao zamani wangepelekwa Kamalondo bila mjadala. Faida ya Katumbi ilikuwa kutangulia, na wenzake wamemfikia.

Siku akiondoka sijui nani atalipa, na mashabiki wa Mazembe niliowauliza hubadilisha mazungumzo. Ila nikifikiria swali lako hukumbuka tarehe 28 Juni 2016. Mazembe walikuja Dar es Salaam kucheza na Yanga katika makundi ya Kombe la Shirikisho, na Yanga wakaamua mashabiki waingie bure. Tangu asubuhi watu walikuwa wamejaa ngazi hadi pa kupitia hakuna, na jirani yangu alikuwa amembeba mtoto ambaye alilala mechi nzima. Siku 6 tu zilikuwa zimepita tangu rais wa wageni ahukumiwe kifungo akiwa nje ya nchi yake, na pale jukwaani tulikuwa tukiambiana kwamba timu imekuja haina kichwa. Walitufunga 1-0. Nilipotoka nje basi lao lilikuwa limeshaondoka.